Kwa jina la nani? Jumamosi moja na wanaoanza Linux

Saa nne asubuhi, kabla ya somo kuanza, niliwasha seva ya kukodi. Ni ya bei ya chini kabisa na ndani yake hamna kitu: hakuna tovuti, hakuna barua pepe, hakuna hata picha moja ya mtu. Anwani yake sikumpa yeyote. Nikaandika amri ya kufuatilia daftari la wanaobisha hodi, sudo journalctl -u ssh -f, nikaiacha projekta imulike ukuta, sisi tukarudi kwenye chai na vitumbua.

Vitumbua havijaisha, mstari wa kwanza ukatokea ukutani. Kuna aliyejaribu kuingia kwa jina la root akakosea nywila. Ukaja wa pili: admin. Wa tatu: test. Kisha ubuntu, oracle, postgres, halafu root tena, na root, na root. Darasa la kuazima ambalo kundi letu la watumiaji wa Linux hukutania hapa Dar es Salaam lilikuwa limejaa soga. Taratibu likanyamaza. Watu walishika vikombe vyao wakitazama ukuta kama wanaotazama mpira.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuja kwa mara ya kwanza, ndiye aliyevunja ukimya. "Mwalimu, hawa wametujuaje?"

Swali hilo mimi hulisubiri kila mara. Hawatujui kabisa. Anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na masikioni mwa mtu huo ni wingi usiohesabika. Kwa mashine ni kazi ya asubuhi moja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap, inayoweza kugonga mlango mmoja katika anwani zote hizo kwa muda usiofika saa moja, ikitumia kompyuta moja tu yenye intaneti ya kasi. Mwizi wa namna hii hachagui nyumba ya tajiri. Anapita mitaa yote ya dunia akijaribu vitasa, na ukiwa na duka la saruji Buguruni au benki London, kwake wewe ni kitasa tu.

Wengi wanaokuja kwetu wameshaambiwa kwamba Linux ni salama, na wakaishia hapo. Mimi naipenda Linux na naiamini. Imenilisha kwa miaka mingi. Lakini naona tunawakosea wanaoanza tunapowapa usalama wake kama hirizi ya kuvaa shingoni. Usalama huo umejengwa juu ya swali ambalo mfumo wenyewe hujiuliza kila kazi inapoletwa mbele yake: hii inafanywa kwa jina la nani? Mtu akizoea kuuliza hivyo hivyo, hata kabla hajajua amri kumi, ameshapita wengi wanaojiita wataalamu.

Swali hilo ni kongwe kuliko Linux. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix mwaka 1969 katika Maabara za Bell, kompyuta ilikuwa chombo cha gharama kubwa kinachotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Ilibidi mashine ijue faili hili ni la nani, wenzake ni akina nani, na nani ni mpita njia. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991, alifuata utaratibu uleule. Leo laptopu mara nyingi ni ya mtu mmoja, lakini utaratibu huo umepata kazi mpya. Simu ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux, na humo kila programu hupewa namba yake ya mtumiaji kana kwamba ni mtu mwingine. Ndiyo maana mchezo uliopakua ili kumtuliza mtoto hauwezi kujifungulia tu mafaili ya programu ya benki. Kwa macho ya Linux, mchezo na benki ni wapangaji wawili katika nyumba moja, kila mmoja na chumba chake na kufuli lake.

Tulipofungua laptopu, nilimwomba yule mama aandike faili la madeni. Aliandika majina matatu ya mafundi, ya kubuni, na mifuko ya saruji waliyokopa. Laptopu yake ina akaunti mbili: duka, ambayo ni yake, na mgeni, ambayo mpwa wake hutazamia filamu. Akaandika ls -l, mstari ukatokea, nami nikauandika ubaoni mwanzo wake:

-rw-rw-r-- 1 duka duka

Herufi hizo zinawatisha watu bure. Ondoa kistari cha kwanza, halafu gawa zilizobaki mafungu matatu ya herufi tatu tatu. Fungu la kwanza ni la mwenye faili, la pili ni la kundi lake, la tatu ni la watu wengine wote. Herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ni ya kuandika, x ni ya kuendesha kama programu, na kistari maana yake hakuna ruhusa. "Soma fungu la mwisho, mama," nikamwambia. Akasoma: r, kistari, kistari. Wengine wote wanaruhusiwa kusoma.

Akaingia kwa akaunti ya mgeni, akaandika cat /home/duka/madeni.txt. Madeni yote yakajianika kwenye skrini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mfumo wake wa Linux, Ubuntu, ulikuwa umesakinishwa zamani. Kuanzia toleo la 21.04, Ubuntu humpa kila mtumiaji mpya folda ya nyumbani ambayo watu wengine hawawezi kuingia. Kabla ya hapo, folda hiyo ilikuwa wazi kwa kusomwa na kila mwenye akaunti kwenye mashine. Dawa yake ni fupi. Kusoma kuna thamani ya 4, kuandika 2, kuendesha 1, na unajumlisha kwa kila fungu. Mwenyewe asome na aandike, hiyo ni 6, kundi 0, wengine 0. Akaandika chmod 600 madeni.txt, akarudi kwa akaunti ya mgeni, akajaribu tena. Safari hii mfumo ulimkatalia. Alirudia mara tatu, kwa furaha tu.

Hapa huwa nawaeleza kosa langu, maana kosa nililolifanya mwenyewe nalifundisha vizuri kuliko nililolisoma. Miaka ya mwanzo nilikuwa natunza tovuti ya mteja mmoja. Siku moja tovuti ikagoma kupokea picha. Nikatafuta jibu mtandaoni, nikapata amri ya mstari mmoja: chmod -R 777 kwenye folda nzima ya tovuti. Saba mara tatu, yaani kila mtu asome, aandike, aendeshe. Picha zikapokelewa papo hapo, mteja akashukuru, nikalala. Baada ya wiki chache tukagundua faili geni katikati ya picha, programu ndogo iliyopandwa na mtu aliyepata upenyo mdogo kwenye tovuti, nayo ilikuwa inatuma barua taka usiku kucha kwa jina la mteja wangu. Nilikesha siku tatu kusafisha. Kumbe siku ile nilitakiwa kujiuliza tu: tovuti hii inaendeshwa kwa jina la nani? Kwenye Ubuntu na Debian jina hilo kwa kawaida ni www-data, na ilitosha kumpa huyo folda moja ya picha. Mimi nilivunja kuta zote za nyumba kwa sababu mlango mmoja ulikuwa mgumu kufunguka.

Kuna jina moja ambalo kuta hizo hazilihusu, root. Yeye ni mwenye nyumba. Hasomi r wala w ya mtu. Ndiyo maana wale waliobisha hodi asubuhi walikuwa wakimwita yeye zaidi: jina lake linajulikana kwenye kila mashine, imebaki nywila tu. Amri ya sudo, iliyobuniwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Buffalo, hukukopesha mamlaka ya root kwa kazi moja, kisha unarudi kuwa wewe. Mifumo mingi hukupa nasaha fupi mara ya kwanza unapoitumia, kuhusu faragha ya wenzako na kufikiri kabla ya kuandika. Nawaomba watu waisome taratibu.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya mtindo ulioenea kwenye magurupu ya WhatsApp. Mtu anauliza printa yake haifanyi kazi, mwenzake anamtupia mstari unaoanza na sudo, naye anaubandika bila kuusoma. Kijana mmoja wa chuo alitetea: "Lakini kaka, mara nyingi inafanya kazi." Inafanya kazi, ndiyo. Sina ugomvi na msaada wa bure. Linux yenyewe ilianza kwa msaada wa namna hiyo. Ila mstari unaopakua programu kutoka tovuti fulani na kuiendesha hapo hapo kwa sudo ni sawa na kumpa mtu usiyemfahamu ufunguo wa duka na kwenda kuswali. Usome kwanza. Neno usilolijua, uliza, hata kama ni mara ya tano leo.

Na uliza pia kifurushi kimetoka kwa nani. Amri ya apt hukagua sahihi ya kidijitali ya hazina kilikotoka kabla ya kukisakinisha, ndiyo sababu namshauri anayeanza ashikamane na hazina rasmi ya mfumo wake. Hata mfumo wenyewe wapaswa kukaguliwa. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakageuza kiungo cha kupakulia, na waliokuja kuchukua toleo la 17.3 Cinnamon wakapewa mfumo wenye mlango wa nyuma. Amri ya sha256sum hutoa alama ya kidole ya faili ulilopakua, ukailinganisha na iliyotangazwa. Kwa kuwa mwizi aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadilisha na tangazo pia, baadaye mtu ajifunze kukagua sahihi ya kidijitali ya GPG.

Kwenye nywila huwa nakaa sana, na sioni haya kukaa. Robert Morris na Ken Thompson walichapisha mwaka 1979 utafiti wa nywila 3,289 za watumiaji wa Unix. Asilimia 86 zilikuwa rahisi kukisiwa: herufi mbili tatu, neno la kamusi, jina. Miaka tisa baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo wa kwanza kutikisa intaneti, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulisambaa kwenye mashine za Unix zinazokadiriwa kufika 6,000, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kukisia nywila. Aliyeutengeneza ni Robert Tappan Morris, mtoto wa yule mtafiti. Baba aliandika ugonjwa ulipo. Nywila za watu zilikuwa bado palepale mwanawe alipofika.

Mzee mmoja mstaafu, aliyekaa karibu na dirisha, alitikisa kichwa. "Hiyo ni zamani, mwanangu."

"Nywila bado zipo palepale, mzee," nikamjibu, kisha nikamuuliza kama nyumbani ana kamera za ulinzi. Anazo nne. Aliyezifunga alimwachia nywila gani? Ileile ya kiwandani. Nikamsimulia habari ya Mirai. Mwaka 2016 programu hiyo ovu ilikusanya jeshi la kamera, ruta na vinasa picha vinavyoendeshwa na Linux, ikitumia orodha ya jozi sitini na kitu tu za majina na nywila za kiwandani. Haikuwa na ufundi wa ajabu. Ilijaribu admin na admin, ikaendelea. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti nyingi, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi, hasa Marekani. Yaani kamera uliyoifunga ili ikulinde, inaweza kuwa askari wa mtu mwingine bila wewe kuona tofauti yoyote kwenye picha. Mzee alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja: kamera.

Kisha tukafika kwenye jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka, na hapa kwetu ndipo linapotuuma: bando. Kila mwongozo unasema sasisha mfumo wako, na ni kweli. Mwaka 2014 liligunduliwa tundu la Shellshock ndani ya Bash, programu inayopokea amri kwenye mashine nyingi za Linux. Tundu lilikuwemo tangu 1989, miaka 25. Mwaka 2021 likapatikana jingine ndani ya sudo yenyewe, lililokaa karibu miaka kumi. Mashimo yote hayo yalizibwa kwa kusasisha tu, na waliobaki wazi ni wale ambao hawakusasisha. Lakini yule kijana wa chuo alisema wazi kwamba megabaiti mia nne za masasisho ni bando lake la wiki, na akilazimika kuchagua, anachagua kusoma.

Simlaumu. Hapo ndipo kundi lina faida kuliko video yoyote ya mafunzo. Tuna kompyuta kuukuu pembeni ya darasa yenye programu ya apt-cacher-ng. Wa kwanza anaposasisha, kompyuta hiyo huhifadhi vifurushi. Wanaomfuata huvichukua kutoka kwayo, ndani ya chumba, bila kugusa bando. Kwa nyumbani, tunawaonyesha jinsi ya kuacha masasisho ya usalama peke yake yajisakinishe, kwa unattended-upgrades, na makubwa mengine yangoje Jumamosi. Naweza kusema hiki ndicho kitu chenye manufaa zaidi tulichowahi kufanya, na kimegharimu mashine ambayo ofisi fulani ilikuwa inaitupa.

Kijana mwingine aliuliza kama masasisho yenyewe hayawezi kuja na sumu. Swali zuri, na ilikaribia kutokea. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia mashine kwa mbali, kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Alifuatilia mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeupanda alijiita Jia Tan, na alikuwa amejitolea katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kwa upole mpaka akakabidhiwa funguo. Mlango ulikuwa umeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Nusu sekunde ya mtu mmoja makini ilituokoa, na aliweza kuifuatilia kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi mbele yake.

Mchana tukarudi ukutani. Mistari ilikuwa bado inashuka. Nikamwita kijana wa chuo aje mbele aufunge mlango. SSH yenyewe aliitunga Tatu Ylönen (ndiyo, Tatu, ni jina la Kifini) mwaka 1995 kule Finland, baada ya nywila kunaswa zikipita katika mtandao wa chuo chake. Kijana akaandika ssh-keygen -t ed25519 kwenye laptopu yake, akapata funguo mbili: mmoja wa siri usiotoka kwake, mwingine wa wazi, akaupeleka kwenye seva. Kabla hajagusa kitu kingine, nikamwambia afungue dirisha la pili aingie kwa ufunguo huo, la kwanza likiwa bado wazi. Wengi hujifungia nje hapo. Alipoona anaingia, akaweka PasswordAuthentication no, akaiwasha upya huduma ya SSH.

Wabishaji hodi hawakuacha. Waliendelea kuita root na admin, ila sasa hata wangeijua nywila, mlango haukuwa tena na mahali pa kuiandika.

Zilipobaki dakika ishirini, nikachukua laptopu yangu ya mazoezi, yenye nywila ndefu ya kuingilia, nikachomeka flashi ya Ubuntu na kuiwasha kutoka humo. Haikuniuliza nywila. Nikafungua diski, nikawaonyesha picha zote. Nywila ya kuingilia huulizwa na mfumo uliolala ndani ya diski, na mfumo huo sikuuamsha. Kwa laptopu iliyokwapuliwa kwenye daladala, kinga ni kuisimba diski nzima, na njia nyepesi ni kuchagua hivyo wakati wa kusakinisha.

"Nikisahau hiyo nywila ya diski?" akauliza mama wa duka.

Hakuna anayeweza kuifungua, nikamwambia. Si fundi wa Kariakoo, si mimi, si waliotengeneza Ubuntu. Akafikiri kidogo, kisha akasema hati ya kiwanja chake iko kwenye sanduku la chuma kwa kaka yake mkubwa, na kwamba nywila itakaa humo humo, kwenye bahasha, pamoja na flashi yenye nakala ya madeni.

Nikafuta ubao. Somo la Jumamosi ijayo lilikuwa nakala rudufu, na nusu yake ameshalifundisha yeye.